Treni ya Annaberg

Neno lililomnasa Severin Kessy lilikuwa na herufi mbili tu.

Ilikuwa asubuhi ya Novemba 1995, naye alikuwa akisukuma kitoroli cha mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Fridley, kaskazini kidogo ya Minneapolis. Alipofika wodi ya mwisho, ile ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, ambayo mlango wake hufunguliwa kwa namba za siri, akamkuta bibi mmoja ameng'ang'ania kitasa kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa koti na kofia, na mkoba ukining'inia kiwikoni. Peris, msaidizi wa wauguzi kutoka Kisii, alikuwa akimbembeleza kwa Kiingereza arudi akanywe chai.

"Nu," bibi akajibu. "Nu, nu, nu." Wala hakuachia kitasa.

Severin akasimama kama aliyeitwa kwa jina lake. Hiyo "nu" alikuwa hajaisikia kwa miaka sita. Haimo katika Kijerumani cha vitabuni. Ni ya watu wa Saksonia, na kwao maana yake ni ndiyo, ila wanaweza kuitamka hadi mtu akajua kabisa kwamba ameambiwa hapana.

Akamwuliza kwa lafudhi ileile, "Unakwenda wapi, Bibi?"

Bibi akageuka na kumtazama juu mpaka chini. Hakushangazwa na rangi yake wala na kitoroli chake. "Annaberg, kwani wapi tena? Treni ya saa nne na dakika kumi. Na hawa wapumbavu wameifunga stesheni."

Severin hakukusudia kusema uongo. Ulimponyoka tu. "Treni imechelewa. Theluji imeziba njia kule Wolkenstein."

Bibi akaipima habari hiyo. Wolkenstein alipajua, na theluji ya huko aliijua pia. Akaachia kitasa, akavua kofia, akaenda kuketi na kunywa chai yake taratibu.

"Wee!" Peris akamaka. "Miezi mitatu huyu nyanya anatuuma kama paka. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia treni imechelewa."

"Treni gani sasa?"

Kabla ya chakula cha mchana Severin aliitwa kwa mkurugenzi. Bwana Eugene alikuwa Mmarekani mrefu mwenye macho ya usingizi, mtu asiyependa ugomvi. Alimwambia kwamba tangu siku hiyo aachane na udobi. Kazi yake itakuwa kukaa na Margaret Nordby, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kila siku ambayo mwili wake utaiweza.

Karatasi ndizo zilizosema Margaret Nordby. Bibi mwenyewe alikuwa haitiki jina hilo. Kiharusi cha Julai kilikuwa kimekifuta Kiingereza chake chote, miaka sitini na minane ya Kiingereza, kikamwachia lugha aliyozaliwa nayo tu. Aliitika Meta Uhlig, jina la usichana wake. Alikuwa na umri wa miaka themanini na saba, ingawa siku nyingine alikuwa na kumi, siku nyingine kumi na tisa, na kila siku alitaka kurudi kwao Annaberg, katika Ufalme wa Saksonia.

Severin alijua ufalme huo ulipokuwa, maana aliishi ndani ya mifupa yake. Mwaka 1983, akiwa kijana wa Kibosho aliyefaulu sana hesabu na fizikia, alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea miamba. Mwaka mmoja wa lugha Leipzig, kisha mitano Freiberg, mji uliochimba fedha tangu karne ya kumi na mbili. Alitembea na nyundo yake kwenye milima yote ya mpakani ambayo Wajerumani wanaiita Milima ya Madini. Pale Annaberg palipo na nguzo za basalti, jiwe jeusi la volkano, zilizosimama wima kama mapipa yaliyopangwa na mtu, aliwahi kupiga picha na wenzake.

Mwaka 1990 akaja Minnesota kusoma shahada ya pili, akimwacha mkewe Brigitha mjini Moshi na mtoto mchanga wa kike, Haika. Miaka miwili baadaye ufadhili ukakatika. Akasema atafanya kazi kidogo, ajipange, arudi darasani. Viza ya mwanafunzi ikaisha akiwa bado anajipanga. Mkurugenzi Eugene alimwahidi kuwa nyumba itamwombea karatasi za kuishi, na faili likafunguliwa kweli. Tangu hapo hakuweza kuacha kazi, kwa sababu faili lingekufa. Hakuweza kusafiri nyumbani, kwa sababu asingeruhusiwa kurudi. Na hakuweza kusema ukweli, kwa sababu katika barua zote alikuwa amemwandikia Brigitha kwamba anafundisha chuo kikuu. Kila barua ilibidi iwe na wanafunzi wake, maabara yake, mkuu wa idara yake. Watu hao hawakuwapo, naye alilazimika kuwakumbuka kwa majina.

Sasa akaongezewa treni.

Kila asubuhi baada ya uji wa shayiri, Bibi Meta alivaa koti na kwenda mlangoni. Kila asubuhi Severin alimpa sababu. Theluji. Injini imeharibika Flöha. Daraja la mto Zschopau linakaguliwa. Sababu haikudumu zaidi ya siku, kwa kuwa kesho yake alikuwa ameisahau, lakini Severin alichelea kurudia. Bibi alisahau mengine yote, ila reli ile ilikuwa kichwani mwake nzima, stesheni kwa stesheni.

"Huwezi kuniambia njia imeziba Scharfenstein halafu treni ipite Wolkenstein," alimkaripia siku moja. "Scharfenstein inatangulia ukitoka Chemnitz. Mwalimu wako alikufundisha nini?"

"Nisamehe, Bibi."

"Lete karatasi."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuchora. Nyuma ya karatasi za orodha ya chakula, Severin alichora ufalme ule kama alivyokumbuka ramani zake za miamba: pembetatu iliyolala, ncha yake kusini magharibi, milima upande wa Bohemia, na mito yote ikishuka kuelekea kaskazini. Bibi Meta akachukua kalamu akaongeza. Elbe ikipasua majabali ya mchanga kabla ya Dresden. Bautzen upande wa mashariki, wanakoishi Wasorbi wenye lugha yao. Annaberg imeketi juu ya kilima, na Buchholz ng'ambo ya kijito cha Sehma. Alieleza kwamba miji hiyo miwili inasikia kengele za mwenzake, lakini zamani sana watawala wawili wa ukoo mmoja waligawana nchi, huyu akachukua kilima hiki na yule kile, na tangu siku hiyo watu wa Annaberg hawakuoa Buchholz bila maneno.

"Ufalme wenyewe ni mdogo," Severin akasema. "Umezidi kidogo tu mkoa wetu wa Kilimanjaro."

Bibi akainua kichwa. "Kilimanjaro? Huo ni mlima wetu."

"Wenu?"

"Mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani. Tuliimbishwa darasani. Wa pili sijui upi, lakini wa kwanza ni Kilimanjaro. Na Jumapili tulitoa sadaka ya wamisionari wa Leipzig walioko kwa Wachaga." Akamkazia macho. "Wewe ni wa huko?"

"Ndiyo. Kibosho. Ila sisi ni Wakatoliki. Hao wa Leipzig walikuwa majirani zetu wa Machame."

"Ni mrefu kuliko mlima wetu Fichtelberg?"

"Mara karibu tano."

"Nu," alisema Bibi, na ikawa haijulikani kama amekubali.

Alipenda kusimulia jinsi ufalme ulivyopungua. Zamani ulikuwa mkubwa zaidi ya mara mbili. Mfalme wao alikuwa upande wa Wafaransa, na Wafaransa waliposhindwa pale Leipzig mwaka 1813, akakamatwa na kupelekwa Prusia. Alifungiwa katika jumba zuri lenye bustani, akipewa chakula kizuri, huku wakubwa wa Ulaya wakikaa Vienna na ramani wakibishana wamkate nchi wapi. Walimletea karatasi atie sahihi, akakataa miezi mingi. Mwishowe akatia. Prusia ikachukua zaidi ya nusu ya ardhi.

"Mwalimu wetu alikuwa akiuliza kila mwaka," Bibi alisema, "je, mfalme angekataa kutia sahihi, ingekuwaje? Na jibu sahihi lilikuwa: angefia jumbani, na nchi yote ingekwenda. Mimi niliandika: angetoka dirishani. Nikachapwa."

Saa tisa Severin alipobonyeza namba na kutoka, mlango ulijifunga nyuma yake kwa mlio mfupi. Nje kulikuwa kumekwisha kuanza kufifia. Aliparua barafu kwenye kioo cha gari, akaendesha mpaka chumba chake, akala, akalala, na saa kumi na mbili asubuhi akaparua tena. Siku nyingine alihisi kwamba mlango haukuwa na upande wa nje.

Binti wa Bibi Meta aliitwa Alice, mwalimu mstaafu aliyeishi Anoka. Alikuja kila Jumapili na keki, akaketi mbele ya mama yake bila kuelewana naye hata neno. Baba yake, Mnorwe, alikuwa amepiga marufuku Kijerumani nyumbani wakati wa vita, na baada ya vita hakuna aliyekifungulia.

"Anasema nini?" Alice aliuliza kila mara.

Bibi alikuwa amesema, Mwambie huyu mwanamke wa keki anirudishie ufunguo wangu.

"Anasema keki ni nzuri," Severin alijibu.

"Anafahamu yuko wapi?"

"Anaona kama yuko safarini."

"Basi mwache hivyohivyo, tafadhali," Alice akasema, machozi yakimlengalenga. "Akijua, itamuua. Niahidi, Severin."

Akaahidi. Akawa sasa amefungwa na ahadi tatu: ya faili, ya barua na ya treni.

Mwezi Januari ikaja barua kutoka kwa Solomon Nyirenda, aliyesoma naye Freiberg. Solomon alikuwa Mwanza. Kampuni za kutafuta dhahabu zilikuwa zimejaa Kanda ya Ziwa, aliandika, na watu wanaojua kusoma jiwe hawatoshi. Nafasi ya Severin ipo, lakini kufikia Mei iwe ameripoti. "Njoo, bwana. Au wamekupa uprofesa?"

Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama kwenye stoo ya mataulo, akaisoma tena, akampa Peris.

"Enda," Peris akasema palepale. "Unangoja nini?"

"Karatasi ziko mbioni, dada. Nikiondoka sasa, miaka yote hii imekwenda bure."

"Severin, skiza. Mimi nikienda nyumbani nitarudi, niko na karatasi. Wewe unangoja mtu akupatie ruhusa ya kutoka, na huyo mtu hajawahi kuku-lock." Akamrudishia barua. "Unaogopa bibi yako wa Moshi, ama?"

Severin akaikunja barua. Alikwenda kwa mkurugenzi kuuliza faili limefika wapi. Eugene alijikuna shingo. Mwanasheria alikuwa amesema mambo yanakwenda polepole, labda mwaka, labda miwili. "Lakini usiwe na wasiwasi," akaongeza. "Maadamu Margaret yuko hapa, mimi siwezi kukuachia."

Alimaanisha wema. Severin alirudi wodini, akabonyeza namba, mlango ukalia.

Halafu ikaja baridi ile ya Februari 1996, ambayo watu wa Minnesota wanaihesabu mpaka leo. Siku ya Ijumaa kipimo kilishuka nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri kwa hesabu yao ya Kimarekani. Shule zote za jimbo zilifungwa. Magari hayakuwaka. Waliokuwa zamu tangu Alhamisi hawakuweza kuondoka, na wa kuwapokea hawakuweza kufika. Severin na Peris walilala kwenye viti vya ukumbi wa chakula, wakaamka na kuanza kuwaosha wazee kumi na tisa. Mabomba yaliguna ukutani. Vioo vilishika barafu kwa ndani, na Peris akawa anaikwangua kwa kijiko ili wazee waone mwanga.

Asubuhi hiyo Bibi Meta hakwenda mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye dirisha lililokwanguliwa, koti amelivaa, mkoba mapajani, akitazama nje muda mrefu. Severin alikuwa amekwisha kutayarisha sababu: maji ya injini yameganda Chemnitz.

"Severin," aliita. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Hapa si Saksonia."

Severin akavuta kiti.

"Nimetazama dirisha hili siku nyingi," Bibi akaendelea, sauti yake imetulia kama ya mtu anayekokotoa hesabu ubaoni. "Jua la Februari kwetu linachomoza nyuma ya Pöhlberg. Hapa hakuna mlima. Nchi ni bapa kama meza. Kwetu pa namna hiyo ni upande wa Leipzig tu, na Leipzig hakuna baridi ya kuua miti. Kwa hiyo hapa si kwetu. Na theluji haizuii treni miezi yote hii. Kwa hiyo unanidanganya."

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Severin. Angeweza kusema, Ni upande wa Leipzig, Bibi, baridi ya mwaka huu imezidi. Bibi angeuamini mpaka saa ya chakula, kisha angesahau. Hakuna ambaye angejua. Severin aliuhisi ule uongo ulimini, mzito, naye akagundua kwamba hana nguvu ya kuunyanyua.

"Ndiyo," alisema. "Nimekudanganya. Hapa ni Amerika, Minnesota. Umeishi hapa tangu 1927. Una miaka themanini na saba. Yule mwanamke wa keki ni binti yako, Alice. Uliugua, ndiyo maana umesahau. Na mlango huu umefungwa ili usitoke ukapotea."

"Na mfalme?"

"Aliondoka 1918, Bibi. Ulikuwa na miaka kumi."

"Nu, hiyo naikumbuka. Mwalimu aliteremsha picha ukutani, tukabaki kutazama alama ya ukuta ulio safi." Mikono yake ilikuwa ikifungua na kufunga mkoba. "Annaberg haipo?"

"Ipo. Nimefika kwa miguu yangu. Kanisa la Mtakatifu Anna lipo. Treni ipo pia, ila si ya kwetu hapa."

Alilia kidogo sana, bila sauti, kama mtu anayetokwa na machozi kwa ajili ya baridi. Severin alikaa naye. Alikuwa akisubiri moyo wa Bibi usimame, kama Alice alivyosema. Haukusimama. Baadaye Bibi alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha shingo.

"Namba za mlango ni zipi?"

"Bibi, nje ni kifo."

"Sikuuliza kuhusu nje. Nataka kuona mlango ukifunguka."

Severin alimshika mkono. Walikwenda hatua fupifupi mpaka mlangoni, akamwongoza kidole chake, namba moja baada ya nyingine, na kitasa kikalegea. Wakapita. Wakatembea ukanda mrefu, wakavuka jikoni, wakafika ukumbi wa mbele wenye milango mikubwa ya vioo. Uwanja wa magari ulikuwa umezikwa. Bendera ilikuwa imekakamaa. Bibi Meta akabandika kiganja kwenye kioo na kukiondoa upesi.

"Nilimwambia mama nitarudi baada ya miaka miwili," alisema. "Alinisindikiza stesheni. Sikurudi. Mwanzo sikuweza, halafu nikaona haya kwa kuwa sikuweza, halafu pakaja vita, halafu ukuta. Lakini kilichonizuia ni ile haya, kabla ya vita kufika." Akamgeukia. "Na wewe nani kakufungia? Wewe una miguu."

Severin alisimama naye pale, pumzi zao zikiandika ukungu kwenye kioo, mpaka akasikia hatua za mkurugenzi. Eugene naye alikuwa amenaswa na baridi tangu Alhamisi, hajanyoa ndevu. Alimtazama Bibi, akamtazama Severin, uso ukamwiva.

"Umemtoa mgonjwa kwenye wodi iliyofungwa. Unajua naweza kukufukuza kwa hili?"

"Ninajua."

Eugene alipumua. "Tatizo ni kwamba siwezi," alisema. "Nikikufukuza nani ataongea naye? Mrudishe, tafadhali."

Akamrudisha. Mlango ukalia nyuma yao. Jioni Bibi Meta alikuwa amesahau yote, akauliza kama treni imefika.

Severin hakusahau. Jumapili barabara zilipofunguliwa na Alice akaja na keki yake, alimwomba wakae wote watatu mezani. Bahati ikawa asubuhi hiyo Bibi alikuwa na akili zake. Severin alimwambia Alice, "Leo nitatafsiri kila neno. Nimekuwa nikikupunguzia, na mama yako pia nimekuwa nikimpunguzia. Nimechoka."

Alice alikasirika, uso ukawa mwekundu. "Uliniahidi."

"Niliahidi vibaya."

Bibi Meta alimtazama binti yake muda mrefu, kisha akaanza kusema, na Severin akafuata nyuma yake sentensi kwa sentensi, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema kwamba anajua amefungiwa. Alisema hapapendi hapa, uji ni mbaya, na anaitwa kwa jina ambalo si lake. Alisema hamlaumu Alice, kwa kuwa yeye mwenyewe alimwacha mama yake kwenye jukwaa la stesheni akipunga kitambaa, na huyo mama alizeeka mikononi mwa watu wengine. Kisha akasema kwamba anasikitika hakumpa binti yake lugha ya kuzungumza naye.

Alice aliweka uma chini. Akashika mkono wa mama yake, na kwa mara ya kwanza hakuuliza anasema nini. Akauliza, "Jina lake linatamkwaje? Lile la kwao?"

"Meta."

"Meta," Alice alirudia. Bibi akaitika.

Wiki hiyo Severin alimpigia Brigitha simu. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ili asikwepe. Sifundishi chuo. Sijafundisha hata siku moja. Ninaosha wazee. Akayasoma yote mpaka mwisho.

"Baba Haika," Brigitha akasema, "hilo nalijua tangu mwaka juzi. Kuna watu wa Moshi wapo huko kwenu, hukuwafikiria? Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa umejenga chuo kizima, nikaona nikikivunja utabaki huna pa kukaa." Sauti ikamtetemeka, na mara Severin akajua kwamba ilikuwa hasira, ya miaka. "Nilikuwa nasoma barua zako na kumsomea mtoto mambo ya maabara, huku najua. Usidhani ulikuwa umejifungia peke yako."

Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Kabla hajaomba radhi, Brigitha mwenyewe akauliza atarudi lini.

"Mei," alisema.

Eugene alilipokea jambo hilo kama mtu aliyekwisha kulitarajia. Alisema faili litafungwa, na kwamba Severin hataweza kurudi nchini humo kwa muda mrefu, labda daima. Alisema pia kuwa katika miaka ishirini ya ukurugenzi hakuna aliyewahi kumuaga kabla ya kuondoka. Wote walipotea tu. Wakapeana mikono.

Siku yake ya mwisho haikuwa nzuri. Bibi Meta alikuwa ameteremka tena katika usahaulifu, mbali zaidi. Hakumjua. Alisimama mlangoni na koti lake, akipiga kioo kwa pete, na Severin alipomuaga kwa Kisaksonia alimjibu kwa adabu kama anavyojibiwa mpita njia. Nkatha, msichana mpya kutoka Meru, alikuwa akijifunza maneno machache ya Kijerumani aliyoandikiwa na Severin kwenye daftari: maji, subiri, unaumwa wapi. Aliyatamka vibaya, lakini Bibi alimgeukia.

Peris ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Severin alitazama Mississippi ikipita chini ya daraja, maji mengi ya kahawia ya mwezi wa Mei, na hakuhisi furaha aliyoitarajia. Alihisi kama mtu aliyetoka chumbani akasahau ndani kitu kilicho hai.

Barua ya Alice ilimkuta Mwanza mwezi wa Novemba. Mama alifariki Septemba, aliandika, Jumatano asubuhi. Wiki za mwisho Alice alikuwa akija kila siku, amejifunza Kijerumani kidogo kwa kanda za maktaba, na mama alimcheka matamshi. Hakuna siku aliyoacha kutaka kutoka. "Nilidhani mwishoni angetulia," Alice aliandika, "lakini hakutulia, nami sitakudanganya kwamba alitulia."

Severin aliisoma akiwa ofisini kwa Solomon, viatu vimejaa vumbi la Geita. Siku zile Brigitha alikuwa bado hajahamia Mwanza. Alikuja na Haika likizo za shule tu, akamlaza Severin kitanda cha pili, na mtoto alikuwa akimwita baba kwa kujikaza, kama anayemwita mwalimu. Severin alitaka kumjibu Alice siku hiyohiyo, asiweze. Wiki tatu zilipita, na likizo ya shule ikaanza. Ndipo akaandika kwamba amepokea, na kwamba anashukuru kwa kuelezwa kama ilivyokuwa. Akaweka stempu, akampa Haika mkono, wakaenda pamoja posta.